Umekutwa na HPV? Usingoje kipimo cha jeni

Dada wa Ngamiani, pole kwa hofu. Umeuliza kama usubiri kipimo cha methilesheni kwa kuwa umekutwa na virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Usisubiri. Methilesheni ni alama za kemikali zinazobandikwa kwenye jeni. Zikizidi kwenye jeni kama CADM1 na MAL, huashiria seli za mlango wa kizazi zinaelekea kubaya. Lakini kuwa na HPV si lazima iwe saratani, na wanawake wengi miili yao huviondoa virusi hivyo yenyewe ndani ya miaka 2.

Wiki hii nenda hospitali ya Bombo, Tanga, uulizie uchunguzi wa siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona kama kuna mabadiliko. Ni dakika chache tu. Mimi niliogopa bure. Kama unaishi na VVU, waambie, maana hatari huongezeka. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, muone daktari siku hiyohiyo.