Swali la Lugha: "Chenye" au "lenye," "mviringo" au "duara"?

SWALI: Natafsiri maelezo ya kituo cha treni cha Southgate, London. Niliandika: "Jengo la kituo cha chini ya ardhi chenye umbo la mviringo, linaloshikiliwa na mhimili mmoja." Mhariri ameirudisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Anza na "chenye." Neno hilo linafuata "kituo," na kituo chote si duara: majukwaa yako chini, ndani ya mahandaki marefu. Lililo duara ni jengo la juu alilolisanifu Charles Holden, likafunguliwa mwaka 1933. Andika "lenye," lifuate "jengo." Majina mawili yakiunganishwa kwa -a, upatanisho pekee ndio unaomwambia msomaji sifa ni ya lipi, kwa hiyo usiuachie jina lililo karibu.

"Mviringo" si kosa, ila ni pana mno kwa kazi ya usanifu. Chungu kina mviringo, embe nalo lina mviringo. Ukitazama ramani ya sakafu ya Southgate, sema "duara." Ukumbi wa tiketi wa kituo cha Piccadilly Circus, wa Holden huyohuyo, 1928, umerefuka upande mmoja, huo ni "duaradufu." Kituo cha Arnos Grove, 1932, ukuta wa matofali umepanda wima na kuzunguka kama pipa. Vitabu vya hisabati huliita umbo hilo "mcheduara." Mimi ningeandika yote mawili, mcheduara kama pipa, maana wengi waliliacha neno hilo darasani.

"Mhimili" limo kwenye kamusi kwa maana ya kitu kinachobeba kingine, lakini leo msomaji akiliona anafikiria Bunge na Mahakama. Kwa fundi, kinachosimama ni nguzo, kinacholala ni boriti. Tena nguzo hiyo ya Southgate imebeba paa, si jengo zima. Kuta zina msingi wake.

Basi: "Jengo la kituo cha chini ya ardhi, lenye umbo la duara, ambalo paa lake la zege limebebwa na nguzo moja ya katikati."

Ukifika kwenye ngazi za umeme, angalia hesabu. Ukumbi ule wa Piccadilly Circus ulifunguliwa ukiwa nazo 11, lakini "ngazi 11 za umeme" mtu anaweza kuzisoma kama vidato 11. Andika "eskaleta 11," au "seti 11 za ngazi za umeme."