Praima yenye Chengachenga: Majibu kwa Wapaka Rangi wa Sanamu Ndogo

*Msomaji wa Kasarani: Nilipulizia sanamu kumi za plastiki praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi nyingine, juu ya paa la ghorofa, saa saba mchana. Zote zimekuwa na chengachenga kama msasa. Je, kopo ni bovu?*

Kopo ni zima. Hili ndilo swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na karibu kila muulizaji huwa amekwisha kulihukumu kopo kabla ya kueleza alisimama wapi na kulikuwa na upepo kiasi gani. Praima hutoka kwenye kopo ikiwa matone madogo yaliyochanganyika na kiyeyushi, na kila tone linapaswa kutua likiwa bado bichi ili litandae na kushikana na jirani yake. Likirushwa kutoka mbali mno, au likipita katika hewa kavu yenye joto na upepo, kiyeyushi huvukia njiani, na kinachotua juu ya sanamu ni vumbi. Paa la Nairobi katika jua la Januari lina masharti yote hayo kwa pamoja.

Pulizia asubuhi, penye kivuli, pasipo upepo. Litikise kopo kwa dakika mbili kamili tangu gololi iliyo ndani yake inapoanza kusikika, lishike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye sanamu, anza kupuliza kando yake, ipitie kwa mkono usiosita, kisha umalizie kando ya pili. Kabla ya hayo yote, jaribu juu ya kijiko cha plastiki. Nimelisema hili mara nyingi, na bado naletewa sanamu kumi zilizoharibika kwa siku moja.

*Nikipaka rangi nzito juu yake, chengachenga hazitafunikwa?*

Hazitafunikwa. Zitabaki zikionekana, na mikunjo ya nguo na macho ya sanamu ndivyo vitakavyozama.

*Msomaji wa Umoja: Nitaiondoaje praima mbaya bila kuharibu plastiki?*

Usikimbilie kuiondoa. Iache ikauke siku nzima, kisha isugue kwa mswaki mkavu wenye nywele ngumu, kwa sababu vumbi lililotua likiwa kavu halikushika sana na mara nyingi hutoka lenyewe. Sehemu bapa, kama ngao au ubavu wa kifaru cha vita, zipitie polepole kwa msasa wa namba 1000 uliolowanishwa, kisha pulizia tabaka jepesi.

Ikiwa maumbo madogo yamezibwa, hapo ndipo uivue yote. Alkoholi ya isopropili hufanya kazi hiyo, na Dettol ya kahawia pia. Lakini ukitumia Dettol, sugua ukiwa bado ndani ya Dettol hiyo hiyo na usiguse maji mpaka rangi iwe imetoka, kwa maana rangi iliyolainika ikikutana na maji hugeuka utomvu unaonata kila mahali. Vaa glavu. Asetoni na tina (thinner) ni za sanamu za chuma peke yake, kwani huyeyusha plastiki ya polistirini, na kiondoa rangi ya kucha mara nyingi ni asetoni hiyo hiyo. Sanamu za rezini nazo zijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa muda mfupi.

*Msomaji wa Lang'ata: Mwezi wa Julai praima yangu hutoka na weupe kama ukungu. Nimeshauriwa kulipasha kopo moto kando ya jiko.*

Aliyekushauri hivyo anahatarisha macho yako. Kopo lenye gesi likipata joto kali hupasuka. Lilaze katika maji ya uvuguvugu, ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, kwa dakika chache tu. Weupe wenyewe aghalabu hutokana na unyevu ulionaswa katika rangi inapokauka, kwa hiyo asubuhi ya manyunyu usipulizie kabisa. Paka praima ya maji kwa brashi, ukiwa ndani.

*Praima ya magari inayouzwa Kirinyaga Road, Nairobi, inafaa?*

Kwa chuma, ndiyo. Kwa plastiki, jaribu kwanza kwenye fremu sanamu zilikokatwa, kwa sababu baadhi yake zina kiyeyushi kikali kinachokwangua plastiki na kuacha ukwaru usioondoleka tena. Ile nzito ya kujazia mikwaruzo ya bodi iache kabisa, kwani sanamu yenye kimo cha milimita 28 hivi haina nafasi ya kuibeba.

*Naishi chumba kimoja. Barakoa ya kitambaa inatosha?*

Haitoshi, inazuia vumbi kiasi tu, haizuii mvuke wa kiyeyushi. Toka nje, mbali na watoto na jiko linalowaka, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke.