Popo wamejaa darini, fundi anataka kuziba Jumamosi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tumejenga hapa Muheza, nyumba ya bati za migongo mipana na dari ya jipsamu. Tangu vuli popo wamejaa juu. Jioni wanatoka kama moshi, usiku tunasikia milio na mikwaruzo, na dari ya chumba cha watoto imeanza kupata madoa ya kahawia yenye harufu kali. Jirani ametuletea sumu ya panya, dukani wameniuzia naftalini, mama mkwe anataka tufukize pilipili, na mwingine anasema tumetupiwa. Wiki iliyopita popo mmoja alikutwa juu ya chandarua cha mtoto asubuhi. Fundi yuko tayari kuja Jumamosi mchana kuziba matundu yote. Je, aje? Na kuna dawa gani ya uhakika? Kinyesi tukishakisafisha, tunaweza kukitumia bustanini? – Mama wa watoto wawili, Muheza

JIBU: Mwambie fundi asizibe paa Jumamosi. Nitakueleza sababu, lakini tuanze na mtoto, maana hilo haliwezi kusubiri.

Hukusema kama mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua hicho usiku huo, wala kama kina tundu. Kama alikuwemo, au huna uhakika, mpeleke hospitali leo umweleze daktari kwamba popo alikutwa mahali alipolala mtoto. Usijipe moyo kwa sababu huoni jeraha. Meno ya popo hawa wadogo ni kama ncha za sindano na alama yake hupotea upesi, na mtoto mdogo hawezi kukueleza kilichompata usingizini. Wiki moja kupita si sababu ya kukaa nyumbani. Maadamu hana dalili, chanjo ya kichaa cha mbwa bado ina kazi; dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea.

Nisikutishe kupita kiasi. Kichaa cha mbwa kinachoua watu wetu hutoka kwa mbwa karibu mara zote, na Shirika la Afya Duniani linataja hadi asilimia 99. Popo wa Afrika hawajulikani kubeba kirusi kile kile cha mbwa, ila wapo wanaobeba ndugu zake. Mwaka 2007 mtalii wa Kiholanzi alikwaruzwa puani na popo akiwa Tsavo Magharibi, Kenya. Alikufa baada ya wiki kadhaa, akiwa amesharudi kwao, kwa kirusi kiitwacho Duvenhage. Mwaka 2009 kirusi kingine cha ukoo huo kilipatikana kwa popo wa mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, si mbali na mpaka wenu wa Horohoro. Matukio ya namna hii kwa binadamu ni machache mno, lakini kwa vile ugonjwa wenyewe hauna msamaha, kanuni ya nyumbani ni moja: popo hashikwi kwa mkono mtupu, awe hai au mfu. Akikukwaruza, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Paka wako naye apate chanjo, maana paka hupenda sana kukamata popo walioanguka.

Sasa hao waliopo juu. Kwa maelezo yako, bati za migongo na kutoka kwa wingi jioni, ni karibu hakika kwamba ni popo wala wadudu, wale wadogo ambao mkia wao umechomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu kama mkia wa panya. Wanapenda chini ya bati hasa kwa sababu ya joto, na hustahimili joto ambalo wewe usingekaa humo hata dakika tano. Si wale wakubwa wanaokula maembe na kukudondoshea kokwa za mkungu barazani. Hao hulala mitini. Ukitaka kuthibitisha kabla ya kutumia hela, chukua punje ya kinyesi kwa kijiti uiponde kwenye karatasi. Ya popo husagika kuwa unga wenye vipande vinavyometa, ambavyo ni mabawa na magamba ya wadudu. Ya panya ikikauka huwa ngumu. Ya mjusi ina ncha nyeupe. Ukikuta ya panya, barua hii yote haikuhusu na sumu ya jirani inaweza kukufaa.

Kwa popo, sumu ya panya haina maana yoyote. Popo huyu anakula wadudu anaowakamata hewani, wala hatashuka kulamba chambo chako. Watakaoila ni kuku, paka, au Mungu apishe mbali, mtoto. Dawa za kupuliza za wadudu ni mbaya zaidi: popo aliyelewa sumu haendi kufia porini, anaanguka vyumbani na uani, mahali ambapo watoto watamwokota. Kabla ya sumu ulikuwa na popo walioko juu. Baada yake unao sakafuni.

Naftalini naikataa kwa sababu nyingine. Ili iwasumbue popo kwenye paa lenye hewa inabidi uweke nyingi sana, na mvuke wake unashuka kwenye vyumba vya kulala. Ukanda wetu wa pwani, wenye malaria ya tangu enzi, una watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwao naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, na watoto wachanga ndio huumia vibaya zaidi. Ulizonunua, zitoe nyumbani kabisa, hata kabatini. Pilipili ya mama mkwe mweleze kwa adabu kwamba moto chini ya kenchi kavu, zile mbao zinazobeba paa, ni hatari kuliko popo wenyewe. Na habari ya kutupiwa, mimi sina la kusema ila kwamba nimekagua mapaa mengi ya aina hiyo na kila mara nimekuta nafasi wazi kati ya mgongo wa bati na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

Hapo ndipo penye jibu lako. Hakuna dawa ya popo. Hii ni kazi ya fundi bati. Popo huyu hahitaji zaidi ya nafasi inayoingia kidole kidogo cha mkono, na kila mgongo wa bati ulioachwa wazi kwenye ukingo ni mlango. Ukifunga milango yote mchana kama fundi anavyotaka, unawafungia ndani wote. Watakaokufa watanuka kwa majuma na kuleta mainzi, na walio hai watatafuta upenyo wa kushuka chini kupitia matundu ya taa na kifuniko cha dari. Wataingia chumba kile kile cha watoto.

Kuna jambo lingine, msimu. Popo wengi wa mapaani huzaa majira ya mvua, wakati wadudu ni tele, na wengine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mama huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hukaa wiki kadhaa hajui kuruka. Ukiwazuia mama zao nje wakati huo, vitoto vinafia juu ya jipsamu yako. Kwa hiyo kazi ya kuwatoa ningeiweka kwenye miezi mikavu, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba kabla vuli haijaanza. Hata wakati huo, mchana panda na tochi umulike kwenye kenchi. Ukiona vitoto visivyo na manyoya, subiri wiki sita ukague tena.

Najua unawaza utaishije nao hadi Juni. Unachofanya sasa ni kuwatenganisha na vyumba. Fundi wako wa Jumamosi mpe kazi hii badala yake: kila tundu la taa na la waya kwenye dari lizibwe kwa silikoni, kifuniko cha kupandia kikae sawasawa na kiwekewe sponji pembeni, nyufa kati ya dari na ukuta zijazwe, madirisha yapate wavu usiotoboka. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Baada ya hapo hakuna popo anayeshuka. Akiingia mmoja kwa dirishani jioni, watoe watoto chumbani, zima taa ya ndani, fungua madirisha, funga mlango wa ndani, mwache. Mara nyingi atajitoa mwenyewe. Akikaa ukutani asubuhi, mfunike kwa ndoo huku umevaa glavu nene, pitisha kadibodi kati ya ndoo na ukuta, mpeleke nje umweke juu ya shina la mti, si chini, kwa sababu aina hii hupata tabu kuruka kutoka ardhini.

Miezi mikavu ikifika, kazi inaanza jioni na si mchana. Kuanzia saa kumi na mbili na robo, watu wawili wakae kwenye kona mbili zinazokabiliana, kila mmoja akiona pande mbili za paa, na waweke alama kila mahali popo wanapotokea. Mchana utapatambua pia kwa weusi wenye mafuta kwenye ukingo na michirizi ya mkojo ukutani. Kwa kawaida wanatumia milango michache tu kati ya mingi iliyo wazi. Ile wasiyoitumia fundi aizibe kwanza, yote. Milango wanayotumia aifunike kwa wavu laini wa madirishani au karatasi ngumu ya plastiki, uliobanwa juu na pembeni lakini chini uachwe huru, ukining'inia kama nusu mita kupita tundu. Popo akitoka hushuka kwa kutambaa chini ya wavu na kuruka. Akirudi alfajiri hutua pale pale palipo na harufu ya tundu lake, akakuta pamefungwa, wala hana akili ya kuzunguka chini. Usitumie chandarua kilichochakaa, kucha zao hunasa. Acha hivyo usiku saba, na usiku wa mvua kubwa usiuhesabu kwa sababu hawatoki. Jioni isipotoka hata mmoja, ondoa wavu na uzibe moja kwa moja.

Kuziba kwenyewe: kwenye migongo ya bati tumia sponji zilizokatwa kwa umbo la bati hiyo, zinauzwa na wauza mabati, kwenye kofia ya paa hivyo hivyo, kwenye kuta tumia udongo wa saruji. Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, yawekee wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6, la sivyo utaondoa popo na kujipikia ndani ya nyumba yako. Taa ya kuwasha darini usiku kucha huwasumbua baadhi yao, ila wengi husogea tu kwenye kona yenye giza. Vile vifaa vya sauti isiyosikika vinavyouzwa mitandaoni sijaona vikiondoa kundi, na bei yake inatosha kununua sponji.

Kinyesi ndicho kinachofuata, na hapa watu hukosea kwa kukimbilia ufagio. Kinyesi kilichorundikana kinaweza kuota kuvu inayoingia mapafuni na vumbi na kuleta ugonjwa unaofanana na kifua kikuu. Kwa hiyo kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji yenye sabuni kidogo, kwa chupa ya kupulizia na si kwa ndoo, maana jipsamu ikilowa inashuka. Anayepanda avae barakoa nzito, si ya kitambaa, na glavu, akanyage kwenye kenchi tu, na umeme uzimwe. Kiweke kwenye mifuko, kifunge. Bustanini kinafaa kweli, ni mbolea yenye naitrojeni nyingi, lakini hicho chako kinachoweza kuwa na kuvu ningekuambia ukichimbie shimoni. Vipande vya dari vyenye madoa ya kahawia usivipake rangi. Ni mkojo uliozama na harufu itarudi. Vikatwe na kuwekwa vipya, popo wakishatoka.

Kama mnakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati hizo hizo, mvua za kwanza ziache zimwagike kabla hamjaelekeza mfereji kwenye tangi, na ya kunywa yachemsheni.

Fundi usimlipe yote siku ya mwisho. Bakiza sehemu kwa wiki mbili, na jioni ya siku ya malipo mkae naye uani kuanzia saa kumi na mbili na robo, mkitazama paa.