Jengo la McMillan: Libaki Maktaba au Ligeuzwe Makumbusho?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi husomea katika Maktaba ya McMillan. Wenzangu wanadai kwamba jengo limechakaa, heri ligeuzwe makumbusho na vitabu vihamishwe. Je, ni shauri jema?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu Msomaji, kwangu mimi si shauri jema hata kidogo. Jengo hilo, lililofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri William Northrup McMillan, lilikuwa la Wazungu pekee hadi mwaka 1958. Kwa hiyo kuwaondoa wasomaji leo, ili watu waje kuwatazama tu simba wa mawe waliolala penye ngazi, ni kuwanyima tena haki waliyocheleweshewa. Isitoshe, linalindwa na sheria yake mahususi, wala haifai hatima yake iamuliwe kimyakimya ofisini. Njia tumekwisha kuiona Kaloleni na Makadara, ambako shirika la Book Bunk, likishirikiana na Kaunti ya Nairobi, lilikarabati matawi ya maktaba hiyo yakabaki kuwa maktaba. Kaunti ikiitisha kikao cha kushirikisha umma, peleka maoni yako kwa maandishi, ukieleza wazi saa unazosomea, meza unayokosa na vitabu unavyovihitaji.