Zaidi ya Kudeki: Maswali Yenu Kuhusu Wanaotusafishia Nyumba

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza ni nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu aliyeajiriwa kufanya usafi anaweza kuombwa nini kingine bila kuonewa? Nimechagua sita na kuzifupisha. Niseme mapema kwamba nimekaa na wasaidizi wa kutwa kwa miaka mingi hapa Nyakato, na baadhi ya majibu nitakayoyatoa niliyajua baada ya kukosea mwenyewe.

"Dada anayenifanyia usafi huja Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Tulikubaliana kudeki, kuosha vyombo na kufua. Mtoto wangu wa chekechea hurudi saa sita na nusu, na kwa kuwa dada yupo, nimemwomba awe anampokea, amlishe na kukaa naye mpaka nirudi kutoka kazini saa kumi. Sasa ameanza kununa. Je, ninamwomba makubwa?" (Mama, Nyasaka)

Ndiyo mama, ni makubwa, na nadhani kununa kwake ni kwa sababu hajui aanzie wapi kukuambia. Tazama kwanza saa. Mlikubaliana aondoke saa nane, nawe unarudi saa kumi, kwa hiyo kuna saa mbili ambazo barua yako imezipita kimyakimya. Kwa siku mbili za wiki ni saa nne, na kwa mwezi zinafika kumi na sita, ambazo kwa mtu anayefanya kazi saa sita kwa siku ni zaidi ya siku mbili na nusu anazokufanyia bure. Huenda naye ana mtoto anayemsubiri, au ana nyumba nyingine ya kuwahi kabla jua halijazama.

Hata kama ungerudi saa nane kamili, kumtunza mtoto kungebaki kuwa kazi nyingine. Mimi hutumia kipimo kimoja, nacho ni kujiuliza kama jambo hili likiharibika nitamlaumu. Akisahau kufuta vumbi juu ya kabati utamwambia amesahau, na mambo yataishia hapo. Mtoto akijimwagia chai ya moto, au akichungulia geti likiwa wazi na kukimbilia barabarani kwenye bodaboda, hutayamaliza kirahisi hivyo. Jambo ambalo utamlaumu mtu likiharibika ni kazi kamili, na linahitaji makubaliano yake na malipo yake. Isitoshe, kazi hizi mbili zinagongana. Fikiria sebule saa saba mchana: sakafu bado mbichi, ndoo yenye jiki iko katikati ya mlango, nguo ziko kwenye beseni, na mtoto wa miaka minne ameshika mpini wa dekio akitaka naye adeki. Ama dada atamwangalia mtoto na nguo zitabaki, ama atafua na mtoto atajiangalia mwenyewe.

Kaa naye umuulize kama anapenda kukaa na watoto, kwa maana wapo wasafi hodari wasiopenda kabisa, na hilo si kosa. Akikubali, mlipe saa zilizoongezeka na umpunguzie kazi za siku hizo, hasa kufua. Siku moja gari la shule likiwahi kuliko kawaida, kumfungulia mtoto na kumpa maji ya kunywa ni utu ambao hakuna atakayeudai posho. Jumanne zote na Ijumaa zote si dharura tena, ni ratiba.

"Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu. Nguo zangu za ndani, ninaweza kuzichanganya na nyingine anazofua dada?" (Mpangaji, Mkolani)

Hapana, kaka. Soksi ndiyo, chupi fua mwenyewe ukiwa unaoga, na zianike mahali pake. Watu wengi wa huku hawasubiri kuambiwa hili, nami nakupongeza kwa kuuliza kabla hajalikuta beseni.

"Tunaishi karibu kabisa na ziwa. Bili ya maji imepanda, hivyo nimemwambia kijana anayetufanyia usafi apeleke mazulia na mablanketi akayafulie ziwani. Amekataa, anasema anaogopa ugonjwa. Amekataa pia kupanda kusafisha tangi la maji lililo juu ya mnara. Huu si uvivu?" (Baba, Luchelele)

Si uvivu, mzee wangu, na ningekuwa wewe ningemshukuru. Anachokiogopa ni kichocho, ambacho katika mwambao wa ziwa letu ni ugonjwa wa kila siku. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, bila kidonda na bila yeye kuhisi chochote cha maana. Dakika chache zinatosha. Kufua zulia si kazi ya dakika chache, bali ni saa nzima au zaidi ya kusimama maji yakiwa magotini, kusugua, kukanyaga na kusuuza, mahali palepale ambapo konokono hao wanapenda. Kichocho cha ukanda wetu hushika utumbo na ini, na mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi akidhani anaumwa tumbo la kawaida.

Nalisema hili nikijua ninajishitaki. Miaka ya nyuma nilimtuma dada aliyekuwa akinisaidia aende na zulia la sebuleni ziwani, naye akarudi alasiri akiwa amelibeba kichwani, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kandambili. Nililisifu zulia kwa kung'aa kwake, na miguu yake sikuitazama. Miezi kadhaa baadaye alipimwa na kukutwa na kichocho. Siwezi kusema kwamba aliupata siku ile, kwa sababu alikulia Ukerewe na aliogelea ziwani tangu utotoni, lakini zulia lilikuwa langu na mimi ndiye niliyemtuma. Alitibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hufanya kazi vizuri, ingawa mtu akirudi kwenye maji yaleyale huambukizwa tena.

Kama bomba ni ghali, teka maji ya ziwa uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko, lisiloingia konokono, yakae siku mbili kabla ya kutumiwa, kwa kuwa vijidudu hivyo haviishi muda mrefu nje ya konokono bila kupata mwili wa kuingia. Kumbuka pia kwamba atakayeteka atayakanyaga maji, na kwamba ndoo moja ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini. Zulia moja litahitaji ndoo nyingi, na njia za kutoka ziwani hupanda mawe. Ukipiga hesabu ya haki utaona bomba si ghali kama ulivyodhani. Kuhusu tangi, mwite fundi mwenye ngazi yake. Unachoweza kumtarajia kijana huyo bila kubishana ni usafi wa mahali unapoishi jinsi palivyo, ukiwa ni pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani ambao asubuhi hukutwa wamelala chini ya taa ya baraza, wanajaza kizoleo kizima na harufu yao ya samaki. Hiyo ni kazi ya usafi, hata kama inachosha.

"Msaidizi wangu alikuwa anafuta vumbi akaangusha televisheni niliyoinunua kwa shilingi 800,000 miaka minne iliyopita. Ilikuwa juu ya stuli kwa muda. Mshahara wake ni 120,000 kwa mwezi. Nimeamua kuuzuia wote mpaka deni liishe." (Mfanyabiashara, Kirumba)

Usifanye hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kukata mshahara kwa hasara, lakini kwa masharti ambayo wewe hujayatimiza hata moja. Hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini. Umwandikie sababu, kiasi na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 120,000 ni 30,000. Kwa deni la 800,000 mngekatana kwa miezi ishirini na saba, na sidhani kama kuna kati yenu anayetaka kuishi hivyo.

Tena televisheni iliyotumika miaka minne haina thamani ya dukani, na aliyeiweka juu ya stuli ni wewe. Kutarajia mtu afute vumbi kwa uangalifu ni haki yako, ila huwezi kutarajia awe bima ya vyombo vyako. Ningechukulia kwamba imevunjika, nikanunua meza.

"Shikamoo. Niliajiriwa kwenye nyumba moja Isamilo kufagia, kudeki na kufua, naenda asubuhi narudi jioni. Mwaka jana mama mzazi wa bosi aliletwa kutoka Magu akiwa amepooza upande mmoja. Sasa mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha na kumpa dawa za presha. Mshahara ni uleule. Bibi mwenyewe nampenda, kila asubuhi ananipokea kwa salamu ya 'mwangaluka'. Naogopa nikidai nitaonekana sina utu." (Dada, Igoma)

Marahaba, mwanangu. Utu unao, na barua yako inaudhihirisha; tatizo ni kwamba umegeuzwa kuwa mshahara. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza ni kazi inayovunja mgongo wa asiyefundishwa, na mara nyingi huhitaji watu wawili. Dawa za presha ni jambo zito zaidi, kwa sababu siku ukisahau, au ukampa mara mbili kwa kuwa na mwanawe naye alimpa asubuhi, hakuna atakayekumbuka kwamba wewe uliajiriwa kudeki. Hata leo, kabla ya mazungumzo yoyote, omba dawa ziandikwe kwenye daftari moja, kila anayempa bibi aweke alama na saa. Daftari hilo litamlinda bibi, na litakulinda wewe.

Kisha andika kwa wiki moja kila unachomfanyia na muda unaotumia. Usiseme kwa hasira, wala mbele ya bibi. Subiri siku bosi wako ametulia, umwambie, "Mama, naomba tukae tuzungumze kuhusu kazi ya bibi," halafu umwonyeshe ulichoandika. Wengi hushangaa kwa dhati, kwa sababu kazi iliongezeka kidogokidogo, leo ni uji, kesho ni kumsaidia kukaa, mpaka siku moja hakuna anayekumbuka ilivyoanza. Omba mojawapo kati ya mawili: mshahara uongezwe na usafi upunguzwe, au aletwe mtu wa kumuuguza bibi nawe ubaki na kazi yako.

Ni vizuri pia ujue sheria inasemaje, ingawa sikushauri uanze nayo. Sheria ile niliyoitaja inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira, yakiwemo ya kazi yenyewe, saa na malipo. Mkifikishana mbele ya sheria naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Saa za kawaida hazizidi tisa kwa siku na arobaini na tano kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Akikufukuza kwa sababu umeuliza, una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza, na chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, CHODAWU, kinaweza kukusindikiza.

Jambo moja nakuomba uliangalie sana. Huenda akakuambia uhamie kwake ili uwe karibu na bibi usiku. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala. Ukihamia, unaweza kujikuta na saa nyingi zaidi za kazi huku kima kinachokulinda kikiwa kidogo zaidi. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo pita ofisi ya kazi uulize cha sasa kabla hujafunga begi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya malipo ya kila saa. Ni kidogo, lakini ni yako.

"Nafanya kazi mgodini Geita na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Je, ni vibaya kumwomba dada wa usafi awe ananijulisha nani huja nyumbani?" (Baba, Kiseke)

Ni vibaya. Anaweza kukujulisha kwamba bomba la jikoni linavuja, kwamba mtungi wa gesi unanuka, au kwamba mtu asiyemfahamu aligonga geti akiuliza kama wenye nyumba wapo. Hayo ni ya nyumba. Unayoyataka wewe ni ya ndoa, na dada huyo anakula chakula cha mkeo mchana, anapokea nauli kutoka mkononi mwake, na siku mtakapopatana nyinyi wawili ndiye atakayefukuzwa. Ukitaka kujua nani alikuja, mpigie mkeo umuulize. Mtandao wa Geita unashika vizuri siku hizi.