Kanzu ni kanzu? Uliza kwanza kabla hujapanda basi

Jamani kama kuna kijana wenu anaoa kwa watu wa mbali, au wewe mwenyewe ndo unaolewa huko, naomba unisikilize kidogo manake sie yalitukuta. Kaka yangu kapata mchumba Muganda, tukatakiwa Kampala kwenye kwanjula, ile siku kijana anatambulishwa rasmi kwa wakwe, na tulipoambiwa wanaume wavae kanzu basi watu wa Unguja tukapumua kabisa, kanzu si ndo nguo yetu? Kaka akachukua yake nyeupe ya Iddi, imepigwa pasi imenyooka, tukapanda basi Dar, Bukoba, Mutukula mpaka Kampala.

Usiku wa kuamkia shughuli mama mwenyeji wetu akaishika ile kanzu, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza omulela iko wapi? Omulela ni ile nakshi ya rangi ya damu ya mzee, inazunguka shingo inashuka kifuani na kwenye mikono ipo pia, na kwao kanzu isiyo na hiyo siku kama ile ni kama hujavaa vizuri. Halafu akauliza koti lipo? Maana juu ya kanzu lazima koti la suti. Kaka hana. Ikabidi tukimbilie soko la Owino saa ambayo wengine washaanza kufunga, tukauziwa kwa bei ya mtu mwenye haraka, na kaka wa watu usiku huo hakulala vizuri, kwa kweli niliumia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, nguo ikifanana na yako ndo uulize zaidi. Ingekuwa wametwambia vazi tusilolijua tungeuliza kila kitu, lakini kwa sababu jina ni lile lile hatukuuliza hata moja. Wiki mbili kabla tuma picha kwa WhatsApp, uliza shingo ikoje, juu kinavaliwa nini, ndani kinavaliwa nini, kofia inaingia au haiingii.

Hilo la ndani nalisema kwa sababu yangu mie. Asubuhi yule mama akanivisha gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka na mkanda mpana, linaweza kula hata mita sita za kitambaa, na jina lake linatokana na fundi mmoja wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Kabla ya gomesi akanifunga kitambaa kiunoni ili hariri isinigande mwilini, nikamuuliza hiki kinaitwaje, akanambia kikooyi. Nikashtuka, nikamwambia mama, kwetu kikoi wanavaa wanaume, baba yangu anashinda nacho nyumbani! Tukashikana mikono pale tunacheka, na kuanzia hapo hakuniita tena mgeni, akaniita mwanangu.

La pili, na hili naliomba sana, usiende kwa watu ukasema mmetuiga. Mzee wetu mmoja aliteleza akalisema mezani. Mzee wa upande wa pili akajibu kwa upole tu, kwamba ndiyo, kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara waliotoka pwani, miaka ya 1840 enzi za mfalme wao Kabaka Suuna, na kabla ya hapo watu walikuwa wanavaa lubugo la magome ya mti wa mutuba, lakini omulela hawakuletewa na mtu. Tukanyamaza. Na tukisema ukweli hata sie kanzu hatukuianzisha, tumeipata kwa Waarabu. Shangazi yangu anaishi Muscat, mwaka jana kamletea baba dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, na baba kaenda nayo Ijumaa msikitini, hakuna aliyegundua mpaka mtu alipokiona kile kishada kinachoning'inia shingoni, ambacho Waomani wanakitia manukato. Lakini ukija kwenye kofia mambo yanageuka, ile ya Kiomani yenye vitobo vidogo vya kushonwa kwa mkono, Waomani wenyewe wengi wanakwambia asili yake Zanzibar. Sasa hapo nani kamuiga nani? Vimekwenda vikarudi na majahazi, na kila aliyepokea katia mkono wake.

Ukiuliza vizuri watu wanafurahi kukufundisha, hata kama wewe ndo ulidhani unajua.

Wifi anakuja Unguja Iddi hii, mara yake ya kwanza. Juzi kanitumia picha ya kanga kanunua Kampala, anauliza avae upande mmoja au doti nzima, na maandishi yake yanasemaje isije ikawa anamtukana mtu bila kujua. Nimemwambia doti nzima wifi, mmoja kiunoni mmoja kichwani, na hayo maandishi niachie, nayasoma jioni hii na mama halafu nakupigia.