Kulinganisha gesi ya kupasha nyumba joto: bili peke yake haitoshi

Ndugu yetu wa Leeds anauliza iwapo boila yake, yaani mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji, imechoka, kwa kuwa nyumba yake ilitumia kilowati-saa 14,000 za gesi kwa mwaka, ilhali rafiki yake wa Glasgow, kwenye baridi kali zaidi, alitumia 6,000 tu. Nimeishi Uingereza katika fleti na baadaye katika nyumba ya zamani ya matofali, na nina mazoea ya kusoma mita kila Jumapili. Kwa maoni yangu, namba hizo mbili zikiachwa zilivyo hazisemi lolote kuhusu boila.

Kwanza hakikisheni kwamba hayo si makadirio ya kampuni. Fungueni kisanduku cha mita, mwandike tarakimu nyeusi na kuziacha nyekundu. Mita za kisasa huhesabu mita za ujazo, ambazo kila moja ni takriban kilowati-saa 11. Za zamani huhesabu futi za ujazo kwa mamia, na uniti moja hufikia kama 31. Anayechanganya aina hizo mbili atamwonea jirani yake wivu bure.

Kisha ondoa gesi isiyohusika na joto la nyumba. Kuanzia Juni hadi Agosti boila hupasha maji ya kuoga tu, na wewe, ndugu wa Leeds, umeeleza kwamba miezi hiyo, mkiwa watu watano, mlitumia kama 300 kwa mwezi. Hizo ni 3,600 kwa mwaka, kwa hiyo za kupasha nyumba ni 10,400. Rafiki yako anaishi peke yake na hutumia 150 kwa mwezi wakati huo, hivyo yeye anabakiwa na 4,200. Gawanya sasa kwa ukubwa wa sakafu: mita zako za mraba 85 zinatoa kama 122 kwa kila mita, na zake 50 zinatoa 84. Pengo lililozidi mara mbili limeshuka chini ya mara moja na nusu, na hakuna aliyegusa boila.

Pengo lililobaki, kwa sehemu kubwa, ni la kuta. Fleti yake imezungukwa na watu juu, chini na ubavuni. Nyumba yako ni ya mwisho katika safu, ina kuta za matofali zisizo na uwazi katikati, na paa zima ni lako. Nilipokaa fletini niliweza kuimaliza Novemba karibu yote bila kuwasha chochote, kwa sababu joto la jirani wa chini lilinipandia, naye ndiye aliyelilipia.

Muulize pia rafiki yako ameweka nyuzi ngapi za joto ndani ya nyumba. Wapo miongoni mwetu wanaotaka 23 ili wakae na kanga na fulana mwezi Januari, na wapo wanaoridhika na 18. Wala matumizi madogo si sifa kila mara. Nimeingia katika nyumba yenye bili ya kujivunia, nikakuta vioo vya madirisha vinatiririka maji asubuhi na ukungu mweusi umetanda nyuma ya kabati la nguo za watoto. Nyumba ile ilikuwa inanyimwa joto tu.

Mwenye pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, msimweke katika hesabu hii bila marekebisho, kwa sababu kilowati-saa moja ya umeme humpa kama tatu za joto, wakati boila nzuri ya gesi hutoa kama 0.9.

Kabla ya kuita fundi wa boila, panda darini na rula. Kiwango kinachopendekezwa hapa kwa sufi ya kuzuia joto lisipotee kupitia paa ni unene wa milimita 270. Ukikuta 100 iliyolala na kubanwa na masanduku, anza na hiyo, kisha ulinganishe majira yajayo ya baridi na haya yaliyopita, katika nyumba hiyohiyo.